Paul von Lettow-Vorbeck: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu yule afande wa Kijerumani, ukoo wake na vita vyake

Kila mtu akiweka picha ya Tanga ya zamani mtandaoni lazima jina la huyu mzee litajwe, halafu maswali yanakuwa yale yale na majibu nusu yake ya uongo. Nimeamua kuyakusanya yote sehemu moja ili nisiwe naandika upya kila siku. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu ndo yenyewe, mengine mstari mmoja unatosha.

Huyu Lettow-Vorbeck ni nani hasa?

Ni ofisa wa jeshi la Ujerumani aliyeongoza kikosi cha Wajerumani na askari wa Kiafrika hapa kwetu kuanzia 1914 hadi 1918, enzi hizo Tanganyika, Rwanda na Burundi zikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wazee wengi walikuwa wanasema "vita vya Mdachi" au "vita vya Mjerumani", basi mkubwa wa upande wa Mdachi alikuwa yeye. Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 akafa tarehe 9 Machi 1964, yani zilibaki siku 11 tu atimize miaka 94.

Hilo "von" lina maana gani, alikuwa mtoto wa mfalme?

Hapana bwana. "Von" kwa Kijerumani ni kama "wa" au "kutoka", na kwenye majina mengi inaonyesha mtu ni wa ukoo wa kikabaila, watu wa tabaka la juu. Lakini humo ndani kuna ngazi, kuna wakubwa wenye vyeo kabisa kama Graf na Freiherr, halafu kuna makabaila wa kawaida wasio na cheo chochote zaidi ya hiyo "von", na akina Lettow walikuwa kundi hili la mwisho. Ni ukoo wa zamani wa Pomerania, eneo la pwani ya bahari ya Baltiki ambalo leo sehemu kubwa iko Poland. Kwenye koo za namna hiyo za Prussia, ile dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, ilikuwa kama mila, mtoto wa kiume anapelekwa jeshini, hakuna mjadala.

Mwaka 1919 katiba mpya ya Ujerumani ilifuta haki maalum za makabaila, "von" ikabaki kuwa kipande cha jina la ukoo tu kama jina lingine lolote. Kwa hiyo huyu jamaa alitoka kwao kabaila, aliporudi kutoka vitani, miezi michache baadaye ukabaila wenyewe ukafutwa kisheria.

Wazazi wake walikuwa kina nani?

Baba yake naye alikuwa ofisa wa jeshi la Prussia, akapanda mpaka kuwa jenerali. Mama yake aliitwa Marie, wa ukoo wa von Eisenhart-Rothe, nao makabaila vilevile. Paul alizaliwa Saarlouis, mji wa ngome karibu na mpaka wa Ufaransa, kwa sababu baba alikuwa kikazi huko, watoto wa wanajeshi mnajua maisha yao, unazaliwa kambini ukoo wako uko mbali kabisa. Akiwa mdogo akapelekwa shule za makadeti, Potsdam halafu Lichterfelde pale Berlin. Mwaka 1890 akawa luteni.

Kabla ya kuja huku alikuwa wapi?

Hapa naomba msome taratibu kwa sababu watu wengi wanaparuka.

Mwaka 1900 alikwenda China na jeshi la nchi za kigeni lililotumwa kuzima uasi wa Mabondia, Wachina waliokuwa wanapinga wageni. Halafu 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, leo ndo Namibia, akawa kwenye makao ya jenerali Lothar von Trotha. Huyu Trotha ndiye aliyetoa ile amri ya Oktoba 1904 kwamba kila Mherero (Waherero na Wanama ni makabila ya huko) atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki asiwe nayo, apigwe risasi. Waherero walifukuziwa jangwani la Omaheke wakafa kwa kiu, waliobaki wakasombwa kwenye makambi, na Wanama nao yakawakuta. Waliokufa ni makumi elfu. Serikali ya Ujerumani yenyewe mwaka 2021 ilikubali kuyaita yale mauaji ya kimbari.

Sasa Lettow alikuwa humo, kama ofisa kwenye ofisi ya huyo mkubwa, na baadaye akapewa kikosi kupigana na Wanama. Huko ndo alipojeruhiwa jicho la kushoto na kifua akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Watu wanaopenda kumsifia wanasema huko Namibia ndo "alijifunza vita vya porini" wanaishia hapo, kama vile alikuwa amekwenda kozi.

Ni kweli alikuwa na uhusiano na yule mwandishi wa Denmark mwenye shamba la kahawa Ngong?

Karen Blixen. Walikutana melini mwisho wa 1913 wakija Afrika Mashariki, yeye Karen alikuwa anashuka Mombasa kwenda kuolewa, Lettow anaendelea Dar es Salaam kushika kazi. Walikuwa marafiki na urafiki ukadumu miaka mingi. Urafiki huo ulimletea Karen maneno vita vilipoanza maana majirani zake Waingereza walianza kumtilia mashaka. Mengine ya kimapenzi mnayotaka kusikia siwezi kuwatungia.

Alifika hapa lini na akakuta nini?

Alifika Dar es Salaam Januari 1914, luteni kanali, miezi saba tu kabla ya vita. Alikuta jeshi dogo liitwalo Schutztruppe, Wajerumani kama 260 na askari Waafrika kama 2,500 hivi, kompani 14 zimetawanywa nchi nzima. Kumbukeni vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907, kusini kulikuwa bado kuna vidonda, kwa hiyo jeshi lile lilikuwa la kutawala wenyeji, halikuwekwa kupigana na Mwingereza.

Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita kabisa. Yeye alikuwa anategemea ule mkataba wa Berlin wa 1885 kwamba makoloni ya bonde la Kongo yanaweza kukaa nje ya ugomvi wa Ulaya, na alijua vita vikiingia kila kitu kilichojengwa kitaharibika na wenyeji wanaweza kuamka tena. Lettow akili yake ilikuwa tofauti, alisema koloni haliwezi kuokoka kivyovyote, lakini akiwasumbua Waingereza huku wataleta wanajeshi wengi ambao vinginevyo wangepelekwa Ulaya. Kwenye karatasi gavana ndiye alikuwa bosi wake, ila kanali hakumsikiliza. Walichukiana mpaka mwisho, na kichekesho ni kwamba walitembea pamoja porini miaka yote hiyo, gavana naye yumo kwenye msafara hadi siku ya kujisalimisha.

Vita vya Tanga vilikuwaje, na ile habari ya nyuki ni kweli?

Ni kweli, na nyuki hawakuwa na upande. Waliwauma Waingereza na Wahindi wao, wakawauma na Wajerumani pia. Habari kwamba Lettow aliwafuga makusudi au aliwategesha ni ya kutunga.

Ilikuwa hivi. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zikatokea Tanga zimebeba watu kama 8,000, wengi wanajeshi kutoka India waliokaa baharini muda mrefu, wamechoka, wengine hawajawahi hata kupigana. Jenerali wao Arthur Aitken alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Badala ya kushuka moja kwa moja wakapoteza muda kwenye mazungumzo na wakuu wa mji, na muda huo huo Lettow anawasomba askari wake kwa treni kutoka Moshi. Usiku kabla ya pigano lenyewe alipanda baskeli akazunguka Tanga mjini mwenyewe kuangalia hali, mji umenyamaza kimya. Tarehe 4 wakapigana kwenye mashamba ya mpira na minazi, yeye akiwa na watu kama 1,000 tu, na Waingereza wakarudi mbio ufukweni. Tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka, wakaacha mamia ya bunduki, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000. Kwa lugha nyingine Mwingereza ndo alimpa silaha za kuanzia.

Siku hiyo alikufa pia kapteni Tom von Prince, yule aliyepigana na Mkwawa kule Uhehe na watu wakamwita Bwana Sakarani. Kabaila mwingine huyo ila wa kupewa, "von" alitunukiwa baadaye sana.

Iliwezekanaje asikamatwe miaka minne?

Kwanza kabisa, askari. Mwanzoni Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine, watu wanaojua nchi, magonjwa ya nchi wanayavumilia kuliko wanajeshi wa kuletwa. Jeshi likakua mpaka kama Wajerumani 3,000 na askari 11,000 hivi lilipokuwa kubwa kabisa.

Pili, Januari 1915 alipigana Jassin, mpakani na Kenya, akashinda lakini akapoteza maofisa wengi na risasi nyingi, akapiga hesabu akaona ushindi kama huo mara tatu tu amekwisha. Kuanzia hapo akawa anapiga na kukimbia, hasa reli ya Uganda, ile ya Waingereza inayotoka Mombasa kupita Kenya.

Tatu, ile manowari ya Kijerumani Königsberg. Hiyo ndo iliyozamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar Septemba 1914, halafu ikajificha mdomo wa Rufiji mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikatengenezewa magurudumu, ikavutwa nchi nzima. Nani aliivuta? Tutafika huko.

Nne, walijitengenezea vitu. Kwinini ilitoka kwenye magome ya miti, kule Amani Usambara walikuwa na taasisi ya utafiti, na ile ya porini ya kunywa ilikuwa chungu mpaka wakaipachika jina "Lettow-Schnaps", gongo ya Lettow kwa kifupi. Viatu, nguo za kusuka, chumvi, vyote vya kienyeji.

Mwaka 1916 jenerali Jan Smuts alikuja na jeshi kubwa kutoka Afrika Kusini akateka reli na miji yote, lakini mtu mwenyewe hakumpata. Oktoba 1917 kule Mahiwa, Lindi, walipigana siku nne, Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000, Lettow akapoteza zaidi ya 500 ambao hakuwa na wa kuwabadilisha. Novemba hiyo hiyo akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akawapiga Wareno Ngomano akachukua kila kitu chao.

Na ile zeplini iliyokuja kumletea dawa?

Ilikuwepo kweli, iliitwa L 59, chombo cha angani kama puto refu lenye injini. Iliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917 na tani kadhaa za dawa na risasi, ikafika juu ya Sudan, ikapewa amri kwa redio igeuze maana huku hakukuwa tena na mahali salama pa kutua. Ilikaa hewani saa 95 na kwenda kilomita 6,757 bila kutua, kwa bure. Lettow hata hakujua wakati huo.

Alijua Kiswahili?

Ndiyo, alikiongea. Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya jeshi lile ukiacha amri za gwaride zilizokuwa kwa Kijerumani. Ila mkiambiwa kwamba askari walimpenda kama baba kwa sababu ya Kiswahili chake chukueni na chumvi kidogo. Askari walikuwa watu wa kazi, walilipwa mshahara mzuri kuliko kibarua yeyote wa wakati ule, walikuwa na heshima, wake zao na watoto wao walitembea nao kwenye msafara. Mshahara ulipokatika na safari ilipoelekea mbali na kwao, wengi tu walitoroka. Waliobaki walibaki kwa sababu zao, wengine familia imo msafarani, wengine ndo kundi pekee lililowapa chakula na ulinzi kwenye nchi iliyoungua.

Wanasema hakushindwa hata mara moja. Ni kweli?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndo sababu ya ukurasa huu.

Kama kushindwa ni kukamatwa au kuzingirwa jeshi likaisha, basi ni kweli, hakushindwa. Alijisalimisha baada ya Ujerumani yenyewe kusaini kusimamisha vita. Lakini tuulize kitu kimoja tu: watu elfu kadhaa wenye bunduki, miaka minne, hawana meli inayoleta chakula, hawana ghala, walikuwa wanakula nini?

Walikula chakula cha wanakijiji. Msafara ukifika kijijini unachukua mtama, mahindi, mbuzi, ng'ombe, halafu vijana wa kubeba mizigo. Ukiondoka unachoma kilichobaki ili Mwingereza asikipate. Kesho yake anakuja Mwingereza naye ana njaa, naye anachukua. Daktari mmoja wa Kijerumani aliyekuwa kwenye msafara, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Huyo ni mtu wao wenyewe, siyo propaganda ya Mwingereza.

Ugogo ndo walikiona. Njaa ya 1917 hadi 1920 wao wanaiita Mtunya mpaka leo, chakula na ng'ombe vilichukuliwa na pande zote mbili, mvua ikagoma, halafu 1918 yakaja mafua makali yaliyozunguka dunia yakakuta watu hawana nguvu. Kwa koloni zima wanahistoria wanakadiria raia waliokufa kwa njaa na magonjwa ya vita hivyo ni mamia elfu, wengi hutaja 300,000.

Na wapagazi. Huku kwetu punda na farasi wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila kitu kinabebwa kichwani, risasi, mahema, chakula, vitanda vya maofisa, vipande vya mzinga wa manowari. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka nchi zote hizi, na waliokufa wanakadiriwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na uchovu. Upande wa Lettow wapagazi wengi hawakuandikwa popote, wengine walifungwa kamba wasitoroke, kwa hiyo hesabu kamili haiwezi kupatikana. Askari mmoja alikuwa na jina, namba na kitabu cha mshahara. Mpagazi aliyembebea huyo askari risasi mara nyingi hakuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo mkisoma "simba wa Afrika asiyeshindwa" someni, ila mjue bili ya huyo simba ilitumwa Dodoma, Songea, Lindi na Msumbiji kaskazini.

Kariakoo inahusiana vipi?

Ni hao hao wapagazi. Kikosi chao cha upande wa Mwingereza kiliitwa Carrier Corps, watu wakatamka "karia koo". Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa pale ambapo leo kuna soko. Nairobi nako kuna Kariokor, chanzo ni kimoja.

Alijisalimisha wapi na lini?

Septemba 1918 alirudi kutoka Msumbiji, akapita kusini ya Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Tarehe 13 Novemba akateka Kasama. Vita Ulaya viliisha tarehe 11, yeye hajui! Habari ilimfikia kesho yake karibu na mto Chambeshi, baada ya barua ya Waingereza kukamatwa na watu wake, mwanzo akadhani ni ujanja. Tarehe 25 Novemba 1918 akakabidhi silaha Abercorn, sasa Mbala, akiwa na Wajerumani 155, askari 1,168 na msururu wa wapagazi, wanawake na watoto. Chambeshi kuna mnara hadi leo.

Mke wake ni nani na walizaa watoto wangapi?

Alikaa kapera mpaka karibu miaka 50. Alirudi Berlin mwanzoni mwa Machi 1919, akapita lango la Brandenburg juu ya farasi na maofisa wake wamevaa sare zao za kikoloni zilizochakaa, watu wamejaa barabarani, maana Ujerumani imeshindwa kila mahali na huyu ndo pekee wa kushangilia. Mwezi huo huo akamuoa Martha Wallroth, ambaye alikuja na mtoto wa kiume, Peter. Wakazaa wanne: wa kiume Rüdiger na Arnd, wa kike Heloise na Ursula.

Vita vya pili vikawachukua wa kiume wote. Rüdiger, Arnd na yule wa kambo Peter, watatu wote walikufa vitani wakiwa jeshi la Hitler. Ule ukoo wa kupeleka watoto wa kiume jeshini, nyumba yake ikabaki na mabinti wawili. Martha alifariki 1953. Mimi simuonei sana huruma huyu mzee ila hapa huwa nasimama kidogo.

Alikuwa Mnazi?

Hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Ila msikimbilie kumfanya malaika wa demokrasia. Mwaka 1919 aliongoza kikosi kilichoingia Hamburg kuzima vurugu za wafanyakazi na watu wenye njaa. Machi 1920 pale Mecklenburg aliunga mkono jaribio la mwanasiasa Kapp la kupindua serikali halali, likashindikana, akatolewa jeshini. Akawa mfanyabiashara Bremen, na 1928 hadi 1930 akakaa bungeni kwa tiketi ya chama cha wahafidhina waliokuwa hawaitaki jamhuri, akakihama mwishoni.

Hitler alipoingia walitaka kumtumia kwa sifa zake, inasemekana akapewa ofa ya ubalozi London akaikataa kwa dharau, na kuna hadithi kwamba alimjibu Hitler tusi kubwa, tusi lenyewe mtalikuta mtandaoni mkitaka. Baada ya hapo alikuwa anaangaliwa kwa jicho baya. Wakati huo huo picha yake, vitabu vyake na habari za "kurudishiwa makoloni" vilitumika sana kwenye propaganda za enzi zile, na 1939 alipewa cheo cha heshima cha jenerali ingawa hakuitwa kazini. Kwa hiyo jibu ni mhafidhina wa kizamani, mtu wa Kaiser (mfalme wa Ujerumani wa kabla ya 1918), aliyewadharau Wanazi bila kuikana ile ndoto ya makoloni waliyokuwa wanaitangaza.

Ni kweli alikuwa maskini baada ya vita ya pili?

Ndiyo. Nyumba yake Bremen ililipuliwa na mabomu, watoto hawapo, hela hakuna. Walioanza kumtumia vifurushi vya chakula ni maadui zake wa zamani, Smuts mmojawapo na Mwingereza Richard Meinertzhagen aliyepigana naye Tanga, halafu maofisa wa Afrika Kusini na Uingereza wakachanga akawa anapata kapensheni kadogo. Huyo Smuts walishakula naye chakula cha jioni London mwaka 1929. Makabaila na majenerali husameheana vizuri sana, hawakubeba mizigo.

Aliwahi kurudi Tanganyika?

Alirudi 1953 akiwa na miaka 83. Dar es Salaam wazee waliokuwa askari wake walikwenda kumpokea wakiimba nyimbo za zamani, akaongea nao Kiswahili, na serikali ya Mwingereza ikampa heshima zote.

Mazishi yake yalikuwaje, na ile habari ya ufagio?

Alifia Hamburg akazikwa Pronstorf, kijiji cha Holstein. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwasafirisha wazee wawili waliokuwa askari wake kutoka Afrika wakahudhurie kama wageni wa taifa. Aliyesoma hotuba ni waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, na hapa watu wa Lushoto mtanipenda, maana Hassel mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, mwaka 1913! Alisema marehemu kweli hakushindwa vitani.

Mwaka huo huo bunge la Ujerumani lilikubali askari waliobaki hai walipwe malimbikizo. Inasimuliwa kwamba afisa wa benki alifungua ofisi ya muda Mwanza, wakaja wazee kama 350, wachache tu wana vyeti, wengine wameleta vipande vya sare kuukuu na wengine hawana kitu. Basi akawa anampa kila mzee ufagio na kumpigia amri za gwaride kwa Kijerumani, beba silaha, teremsha silaha, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Sijui kama ilikuwa hivyo hivyo neno kwa neno, ila kama una babu aliyepita jeshini unajua hiyo kitu haitoki mwilini. Malipo hayo yalikuwa ya askari, wapagazi hawakuitwa Mwanza.

Kuna dinosaria lenye jina lake?

Lipo, *Dysalotosaurus lettowvorbecki*, mifupa ilichimbwa Tendaguru mkoani Lindi na Wajerumani kabla ya vita, wazee wa Lindi wakibeba kwa kichwa hadi bandarini. Iko Berlin. Jina alipewa kwa heshima tu, hakulichimba yeye.

Wajerumani wa leo wanamuonaje?

Wamegawanyika. Zamani kulikuwa na mitaa na kambi za jeshi zenye jina lake, miaka ya karibuni nyingi zimebadilishwa, hata Saarlouis alikozaliwa wamefuta jina lake mtaani. Vijana wanaosoma habari za Namibia hawamtaki kabisa, wapenzi wa historia ya kijeshi bado wanamsifu.

Nikitaka kuona kumbukumbu za vita hivyo niende wapi?

Tanga kuna makaburi ya pande zote, nenda asubuhi. Mombasa nje ya Fort Jesus kuna mzinga mmoja wa Königsberg, watoto huwa wanaupanda. Dar es Salaam ile sanamu ya Askari katikati ya mji, ya 1927, ambayo watu wengi wanadhani ni askari wa Mjerumani: siyo, ni wa upande wa Mwingereza, na iliwekwa pale palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, von mwingine, waliyoing'oa Waingereza. Nairobi kwenye barabara ya Kenyatta kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mtazameni vizuri miguuni, hana viatu.